Wazee Saba wa Mwana wa Chumvi

Waliokuwepo sebuleni siku ile ni hawa. Mimi mwenyewe, bibi yao. Mkwe wangu Mama Zuhura, mke wa mwanangu Bakari, ambaye nyumba ni yake na rimoti ni yake. Zuhura, mtoto wao wa kwanza, miaka kumi na mitatu, aliyerithi jina la mama yangu. Asia na Rukia, mapacha wa binti yangu wa mwisho, waliokuja likizo kutoka Mbekenyera. Na Mama Anjela, jirani, ambaye wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji yeye akiwa mgongoni. Tumeishi ukuta kwa ukuta hapa Nachingwea mpaka watoto wanadhani ni ndugu yangu. Bakari hakuwepo, alikuwa ghalani kwenye korosho. Nawataja wote ili ukiona nimeongeza chumvi uwe na wa kumuuliza.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Mama Anjela alileta sufuria la ming'oko, mizizi ya porini, imechemshwa na chumvi na pilipili, nasi tukawa tunaimenya kwa meno kama tulivyofanya utotoni. Zuhura akachomeka flashi kwenye runinga, ikaanza katuni.

Katuni zile zimo tatu kwenye flashi na nimezitazama mpaka nazijua. Maneno siyaelewi, ni Kizungu, lakini maneno ya nini? Kila moja ina mtoto mpweke na kiumbe wa bahari. Kiumbe ana macho makubwa, anang'aa, amepotea kwao. Mtoto anamficha. Watu wazima, kwa kuwa katika katuni watu wazima wote hawana akili, wanakuja na nyavu. Mwisho kiumbe anarudi majini na mtoto analia, na Rukia naye analia, kila mara, kama hakuijua.

Siku hiyo mtoto wa kwenye katuni akasimama juu ya jiwe, akapiga mluzi. Maji yakafunguka, kiumbe akatoka.

Nikasema, "Huyo hawezi kutoka kwa mluzi."

Rukia akasema, "Bibi, mbona ametoka?"

"Ametoka kwa sababu hana adabu. Wa kwetu haitwi hivyo."

Mama Anjela akacheka mpaka mng'oko ukampalia. "Ninyi Wamwera na bahari wapi na wapi? Bahari yenu ni mto Mbwemkuru, na kiangazi ni mchanga mtupu."

"Ndipo hapohapo, mtani wangu. Hadithi yenyewe imeishia kwenye mchanga huo."

Zuhura akaisimamisha katuni. Hilo halijawahi kutokea katika nyumba hii, katuni kusimamishwa kwa ajili yangu. Basi ikabidi niseme.

Mimi nimekulia Nkowe, kule Ruangwa, kwa bibi mzaa mama, ambako baba na mama nao waliishi. Ungekuja kwetu msimu wa makopa ungejua kabla hujaiona nyumba. Muhogo uliomenywa ulianikwa kwenye vichanja, juu ya mapaa, juu ya mawe, na harufu yake ya uchachu ilikaa kwenye nguo mpaka mvua zije. Mchana kazi ilikuwa moja, kutwanga. Kinu chetu kilikuwa cha mninga, kipana, cha kutwangwa na watu watatu kwa kupokezana: Bibi, binamu yangu Hadija, na mimi mdogo wao. Mchi wa Bibi unashuka, wa Hadija unafuata, wangu unamalizia. Ti, ti, ti. Ukichelewa, mchi wako unakutana na wa mwenzako hewani, mikono inakufa ganzi, na unga unamwagikia kuku.

Ili tusichelewe, Bibi alitupa majina. Kila mchi ukigusa kinu, mwenye mchi anataja jina moja. Chikwela. Nalilaga. Litumbi. Mtengule. Nambunda. Jina la sita. Chipingo. Kisha unaanza tena. Majina hayo yalikuwa ya wazee saba wa mwana wa chumvi.

Mwana wa chumvi ni nani? Hadithi yake ilisimuliwa jioni tu, wakati wa kupepeta. Mchana tuliruhusiwa majina peke yake. Bibi alisema zamani watu wa kwetu walitembea kwenda pwani kuchemsha chumvi, na safari moja mtoto wa kike aliachwa alinde chungu. Maji yakapwa, na katika kidimbwi akabaki kiumbe, nusu samaki nusu mtoto, ngozi yake nyeupe kama chumvi iliyokauka ukingoni mwa chungu. Wakubwa wangemla. Mtoto akambeba kwa kanga yake akamrudisha majini. Kiumbe akamwambia, ukinitaka usinipigie kelele, nihesabie wazee wangu saba, ukiruka mmoja sitoki. Watu wakarudi njia ya nyumbani, kiangazi, maji yakawaishia. Wakafika mtoni, mto ni mchanga. Watu wazima wakachimba mpaka kucha zikatoka, hakuna kitu. Yule mtoto akapiga magoti, akawahesabu wazee saba, mmoja mmoja. Mchanga ukalowa. Mwana wa chumvi alikuwa amepanda mto mzima chini kwa chini kumfuata rafiki yake. Maji yale, Bibi alisema, yalikuwa matamu, ila tone la mwisho lina chumvi kidogo. Bibi mwenyewe hakuwahi kuiona bahari. Mimi nimeiona mara moja tu, Lindi, na nilipoiona nilimtafuta.

Sasa nieleze kwa nini majina hayo ni mali yangu kuliko mtu yeyote.

Nilipokuwa darasa la pili, baba alinitoa shuleni wiki nyingi kulinda shamba. Ngedere walikuwa wanamaliza mahindi. Niliporudi, mwalimu aliniita ubaoni nisome mstari, nikashindwa. Akaniita kesho yake, nikashindwa. Akamwambia baba, "Mzee, kichwa cha huyu hakishiki. Usimpotezee muda." Baba hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Mpaka leo nakumbuka nilivyoivua sare nikaikunja, na mama akamvalisha mdogo wangu mchana uleule, akawa anacheza nayo kwenye vumbi.

Mwalimu huyo simtaji jina, ana watoto na wajukuu, na baadaye alikuwa mtu mwema kwangu. Alikuwa mgeni, ametoka mbali, hana shamba. Bibi alikuwa akimpa unga wa makopa, naye akimsomea barua za mjomba wangu aliyekuwa Tanga kwenye mkonge. Kwa hiyo alipokuja na baiskeli yake kuchukua unga, Bibi, ambaye unga wake ulikuwa tayari ndani umefunikwa, alimwambia, "Haujatwangwa, mwalimu. Kaa kidogo." Akampa kigoda. Baba alikuwa pale uani akichonga mpini wa jembe.

Bibi akatuita mimi na Hadija. Akaniangalia. "Leo majina yote ni yako. Sisi tutatwanga tu."

Nilielewa. Sikuwa na umri wa kuelewa mengi lakini hilo nilielewa, kwamba sare yangu ilikuwa ndani ya kinu kile.

Tukaanza. Jina likashuka na mchi wangu, kisha ti, ti, ya wenzangu. Chikwela. Ti, ti. Nalilaga. Ti, ti. Mwalimu alikuwa anafunga kamba ya baiskeli, hakusikiliza. Litumbi. Mtengule. Akainua kichwa. Nambunda. Na hapo, nikiwa nimeinua mchi, nikaona amenitazama, na jina la sita likaondoka kichwani kama kuku aliyefunguliwa mlango.

Mchi uko juu. Wa Bibi umeshuka. Wa Hadija umeshuka. Wangu lazima ushuke na jina. Nyuma ya mwalimu, mbuzi wetu jike, wa madoa, alikuwa anatafuna ukindu wa mkeka. Nikashusha mchi nikasema, "Nalukwe."

Nalukwe ni mbuzi.

Nikangoja michi igongane. Nikangoja Bibi asimame. Mchi wa Bibi ukashuka mahali pake, kwa wakati wake, ti, na wa Hadija nyuma yake, ti. Nikasema Chipingo. Bibi, bila kunipa nafasi ya kumeza mate, akasema, "Rudi ulikotoka." Nikarudi kinyumenyume: Chipingo, na Nalukwe nikamkuta palepale nilipomwacha, Nambunda, Mtengule, Litumbi, Nalilaga, Chikwela. Hakuna punje iliyoruka nje ya kinu.

Bibi akaegemeza mchi. "Mwalimu, kichwa kisichoshika ndicho hiki?"

Baba akasema, "Hayo ni majina tu, si kusoma."

Mwalimu akafuta vumbi la unga kwenye suruali yake. Kisha akasema, "Mzee, mimi mwenyewe majina hayo siwezi kuyarudisha. Aliyekosea ni mimi. Jumatatu aje."

"Na ngedere?"

"Ngedere waachie mimi," Bibi akasema. "Mimi na wao tunajuana."

Nilirudi shule. Nilifika darasa la nne, na wakati wetu wengi tuliishia hapo, wa kike hasa. Si elimu kubwa. Lakini barua za mjomba nilizisoma mimi, na baadaye nikawasomea wanawake wa Kiegei, nilikoolewa, kadi za kliniki na barua za waume zao, na hakuna mtu aliyewahi kunisomea kitu akanidanganya.

Jioni ile, wakati wa kupepeta, nilijikaza nikasema, "Bibi, lile la sita."

"Limefanya nini?"

"Sikulikumbuka."

Akapiga ungo kwa kiganja, pumba zikaruka. "Mwalimu naye alitoka, kama mwana wa chumvi. Hakutoka?"

"Alitoka."

"Basi. Aliyetoka ameitika."

Kesho yake tulipotwanga, zamu ya jina la sita ikamwangukia Bibi. Nikatega sikio ili nilidake la kweli. Bibi akashusha mchi akasema, "Nalukwe," bila kupepesa jicho. Na siku zote baada ya hapo, Nalukwe. Ama alikuwa ananifichia, ama mbuzi yule, ambaye Bibi ndiye alimpa jina, alipewa jina la yule mzee tangu mwanzo. Sikuuliza. Jina lililonirudisha shule niliogopa kulitikisa. Hadija, kabla hajafariki, aliniambia anadhani zamani lilikuwa jingine, refu zaidi, lakini naye likamkataa mdomoni.

Hayo ya mbuzi sikuwaambia watoto siku ile. Niliwapa hadithi na majina saba tu.

Wao wakafanya nini? Hawakuirudia katuni. Mapacha walianza kuchora, wakamaliza daftari zima. Zuhura akazipanga zile picha sakafuni, akipiga picha kwa simu ya mama yake, anasogeza mkono wa mtoto kidogo, anapiga tena, anasogeza, anapiga, siku nne, magoti yamechubuka. Halafu akaja kwangu. "Bibi, tunataka sauti yako. Na mlio wa kinu."

Kinu kipo nyuma ya jiko, kuku wananywea maji. Tangu mashine za kusaga zienee, mkwe wangu hajashika mchi, na simlaumu. Nilikimwaga, nikakifuta, nikatia konzi ya mahindi maana kinu kitupu hakitwangwi. Mama Anjela akafunga kanga kiunoni. Mabibi wawili na simu iliyoegemezwa kwenye ndoo. Mwanzoni tuligongana, akasema, "Mmwera, umezeeka." Mara ya pili tukapatana, na mikono ikakumbuka yenyewe.

Katuni yao ni fupi, inaisha kabla hujamaliza kumenya mng'oko mmoja. Lakini nimeiona kwenye runinga, nimekaa kwenye kochi. Mtoto amepiga magoti mchangani, sauti ni yangu, kila jina likitajwa mzee anasimama nyuma yake, na mchanga unalowa. Huyo wa sita alichorwa na Asia. Amemtia ndevu za kidevu, nyembamba, na masikio yameanguka pembeni. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Ndivyo anavyosikika." Nilitoka nje nikacheka peke yangu.

Bakari aliitazama mara tatu, akiwa bado na vumbi la korosho shingoni. Mama Anjela alisema, "Haya, nimekubali. Bahari mnayo." Na Rukia, mwisho ulipofika, hakulia. Aliniambia kwenye ile ya Wazungu kiumbe anaondoka, lakini huyu wa kwetu anafuata.

Bibi hayupo. Hadija hayupo. Vichanja vya makopa Nkowe ni vichache, na harufu ile hata nikienda siipati. Nilidhani majina yatazikwa na mimi, sasa yako kwenye simu za watoto, na shuleni kwa Zuhura wameomba kuionyesha kwa darasa zima, na majina yaandikwe ukutani. Zuhura amekuja na kalamu. "Bibi, una hakika na yote saba?"

Sita nina hakika.

Kwa hiyo naandika. Ninyi wa Nkowe, wa Mbekenyera, wa Kiegei, kama bibi yako alitwanga kwa majina haya na unalijua la sita lilivyokuwa kabla ya siku ile uani kwetu, nisahihishe, sitaona aibu. Hata la tatu kama nimelipinda, niambie. Zuhura ameacha nafasi ukutani. Ila mkishanipa hilo la kweli, mniruhusu Nalukwe asimame wa nane, pembeni, maana herufi hizi zote mnazosoma alinipa yeye.