Sikio la Mwenye Bucha

Simu ililetwa nyumbani kwetu Kiirua bila mimi kuulizwa. Mume wangu alikuwa msimamizi wa mashine za kuvuna ngano huko Timau, na meneja alitaka awe anampata wakati wowote. Waya ulikuwa mmoja kwetu na kwa mwenye bucha pale sokoni. Ikilia mara moja ni yake, ikilia mara mbili ni yetu.

Nilianza kuichukia mapema. Ililia nikikamua ng'ombe, na nikiikimbilia na mikono yenye maziwa nilikuta ni meneja anayeniamrisha kama mtumishi wake.

Raha yangu ilikuwa moja tu, dada yangu aliyeolewa Manyatta, kule Embu. Siku moja alipiga, akacheka kwanza ndipo akasema, "Nina mimba. Usimwambie mtu, hata mama." Alikuwa amengoja miaka mingi, na mimba mbili zilikuwa zimetoka. Nikiwa bado namsikiliza, nilisikia shoka likipasua mfupa, halafu mtu akikohoa. Si kwangu, wala si kwa dada.

Jumapili, nje ya kanisa, mwanamke ambaye hatujawahi hata kuamkuana naye alinishika mkono. "Tumesikia dada yako amebarikiwa."

Kesho yake nilikwenda kwenye bucha. Wateja walikuwepo, lakini sikungoja watoke.

"Unasikiliza simu zetu."

Hakuacha kukata. "Mama, waya ni mmoja. Nikitaka kupiga nainua, nakuta mnaongea. Sikio nitaliweka wapi?"

"Na mdomo je?"

Wateja walicheka. Yeye alifunga nyama ya mtu kwenye gazeti, akaniambia nikitaka siri niende nikaongee msituni.

Dada alipojua, aliacha kupiga. Hakunilaumu kwa neno lolote, na hilo liliniuma zaidi. Miezi ikapita, simu ikawa ya meneja peke yake. Siku mtoto alipozaliwa, shemeji alipiga nikiwa shambani napalilia viazi. Mwenye bucha akainua. Nilipofika sokoni jioni kununua mafuta ya taa, kila mtu alishajua ni msichana, isipokuwa mimi.

Nilirudi nyumbani nikachomoa waya ukutani. Siku ya pili meneja alikuja na gari lake, uso umemwiva.

"Hiyo simu ni mali ya shamba," alisema.

"Basi ichukue ikakae shambani."

Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yake, akitazama viatu vyake. Hakunitetea, wala hakuniambia ninyamaze. Meneja aliipakia simu, ikaondoka.

Nilifungasha unga wa uji na blanketi nzito, nikaenda Manyatta. Dada alinifungulia mlango mwenyewe, akiwa na mtoto begani, akaniambia ninawe mikono kwanza.