Blanketi Kwenye Kamba

Paa la chumba chetu, mtaani Kambi Muru, lilikuwa linavuja kwa kuchagua siku. Mvua ingeweza kupiga Jumanne hadi tusisikizane humo ndani, na godoro likabaki kavu. Halafu Jumamosi yanaanguka manyunyu tu, nami na binti yangu tunarudi kutoka kibarua changu cha kushona kule Kabiro, Kawangware, tunapata kitanda kimelowa katikati. Nina hasira za karibu, lakini jambo lile lilinikosesha usingizi kwa udadisi zaidi kuliko kwa baridi.

Fundi alipanda mara mbili, akapaka lami, akashuka akisema hajaona tundu. Mimi nikafunga mlango saa sita mchana, nikalala chali kutafuta vitone vya mwanga kwenye mabati. Juu ya kitanda palikuwa giza tupu.

Wa kulaumiwa nilikuwa nimeshampata: jirani yangu, mama muuza omena, dagaa wale wa ziwani, ambaye tunatenganishwa na ukuta wa bati. Antena yake ilipigiliwa kwenye paa letu la pamoja. Kitanda kilipolowa mara ya kwanza, yeye alikuwa ameenda matanga kwao, upande wa ziwa. Aliporudi, hata kabla hajatua mzigo, nikamvaa.

"Hiyo antena yako ndiyo inanimwagia maji!"

"Hiyo antena iko hapo miaka sita," akasema. "Kwani imeanza kuvuja leo?"

Lilikuwa swali zuri, nami nikaingia kwangu nikabamiza mlango. Tukanuniana miezi miwili. Nilikosa sana stori alizokuwa akinipigia kupitia ukutani huku anakaanga, lakini nikajikaza. Nilitaka ushahidi kwanza.

Nikakoroga bluu ya kufulia kwenye ndoo, nikapanda juu ya stuli, nikamwaga maji kikombe kwa kikombe kuzunguka msumari wa antena. Kitandani nilikuwa nimetandika shuka jeupe. Halikudondoka hata tone moja, na kusema kweli niliudhika.

Jumapili moja nikafua blanketi, nikalianika likichuruzika kwenye kamba yangu, ile iliyofungwa kwenye kona ya bati langu hadi nguzo ya ng'ambo ya njia. Nikaingia kujinyoosha. Juu ya kitanda, pale mabati mawili yanapopandana, palikuwa na ufa wa mwanga urefu wa kalamu. Nikatoka nikaanua blanketi, nikarudi: ufa haupo. Nikalianika tena: huo hapo! Nilifanya hivyo mara tatu, nikicheka peke yangu. Uzito wa nguo mbichi ulikuwa unavuta kona ya bati. Zikikauka, bati linarudi mahali pake na fundi haoni kitu.

Lakini kamba ilikuwa hapo miaka yote, na kila Jumamosi, siku yangu ya kufua, nilianika kabla ya kwenda kazini. Mbona zamani hapakuvuja? Nikakaa kitandani nikiwaza, na jibu liliponijia kicheko kikaniishia. Kwenye ploti yetu mvua ikianza, aliye nyumbani huanua nguo za wote. Jumamosi aliyekuwa nyumbani ni yeye. Akiwa matangani, hakuna aliyeanua zangu. Na tangu nimfokee, alianua zake akaziacha zangu.

Nilimkuta mlangoni pake akichagua omena.

"Jirani, si antena. Ni kamba yangu. Na huu mdomo wangu."

Hakuinua macho. "Ile Jumamosi ya mvua kubwa," akasema, "nilisimama hapa nikiangalia yunifomu ya mtoto ikinyeshewa. Mikono ilikuwa inaniwasha. Nikaketi, nikaikalia hiyo mikono."

Nililia pale pale, mbele ya omena zake.

Siku ile ile nikaifungua kamba kwenye bati, nikaifunga kwenye nguzo nyingine. Jumamosi iliyofuata mvua ilininyeshea Kabiro, na kwa mara ya kwanza sikuwaza paa, niliwaza nguo. Tulizipata kwenye karai mlangoni petu, zimekunjwa, yunifomu juu, zote kavu na zote zinanuka omena.