Kikopo cha Mama Mkwe

Maabara nzima tulimwita Bwana Makohozi, na jina hilo alilivaa kama cheo. Kwa miaka kumi na tisa alipokea vikopo vya wagonjwa wa kifua, akavirudisha vingi kuliko alivyovipima. Akikuta kwenye darubini seli za mdomoni zimejaa na za usaha hazipo, aliandika kwa wino mwekundu: "Haya ni mate." Hakuchagua mtu. Mkuu wa hospitali mwenyewe aliwahi kurudishiwa kikopo mara mbili, akanuna wiki nzima.

Kisha akalazwa mama mkwe wake, homa ya mapafu imembana, pumzi zinakatika. Shujaa wetu akaenda wodini kuchukua kikopo yeye mwenyewe. Wagonjwa wengine huwasimamia kama mwalimu wa michezo: sukutua kinywa, vuta pumzi, kohoa kutoka chini kabisa. Kwa mkwewe alisimama nje ya pazia, kageuza mgongo, akaomba radhi kwa usumbufu. Mama naye, kwa kumstahi mkwe, akajizuia kukohoa, akatema kidogo, kistaarabu.

Yalikuwa mate matupu. Mimi niliyaona, naye aliyaona. Nikamwambia arudi wodini. Akanijibu kwamba mama wa watu haambiwi ateme upya, akayaotesha hivyo hivyo kwenye sahani ya kukuzia vijidudu. Nilikasirika, lakini nikanyamaza, na hilo bado linaniuma.

Vikaota vijidudu vya kila aina viishivyo mdomoni, naye akaviandika kwenye majibu kana kwamba ndivyo vilivyoleta ugonjwa. Daktari, aliyeiamini saini ya Bwana Makohozi kuliko macho yake, akabadili dawa kufuata majibu. Siku ya tatu mama akawekewa oksijeni.

Ndipo Bwana Makohozi akaingia ndani ya pazia, akakiri yote huku anatazama sakafu. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akaisogeza barakoa pembeni.

"Kwa hiyo ungenizika kwa heshima, baba," akasema. "Lete hicho kikopo, na unishike mgongo."

Akamshika. Mama alikohoa mpaka kitanda kikatikisika, kikatoka kitu kizito cha rangi ya kutu. Baada ya siku mbili tukampata mdudu mwenyewe, dawa ikabadilishwa, na kufikia Jumapili mama alipumua bila barakoa. Majibu niliyaandika mimi. Bwana Makohozi alikuwa wodini, anampangusa mkwewe mdomo.