Kijiji cha Bibi Griet Kilichokuwa Chini ya Bahari

Nyumba ya Bibi Griet ilinukia viazi vya kuchemsha na sufu iliyolowa, na hadi leo harufu hiyo ikinijia hunichosha kabla sijakumbuka lolote. Nilikuwa na miaka tisa. Mama, muuguzi katika hospitali moja kule Westmead, alikuwa amepangiwa zamu za mchana msimu mzima wa mvua, na hapa Sydney hatukuwa na ndugu hata mmoja. Basi kila nilipotoka shule nilikwenda kukaa kwa jirani yetu wa Doonside, bibi kizee wa Kiholanzi aliyekuwa na jambo moja tu la kusema: historia ya kijiji alichozaliwa.

Niliijua historia hiyo kuliko hesabu za kuzidisha. Kijiji kilikuwa kwenye ardhi iliyo chini kuliko bahari. Watu wa kwanza walirundika udongo na samadi mpaka wakapata vilima vya kujengea. Wajukuu wao wakazungushia tuta refu la kuzuia maji, wakachimba mitaro, wakasimamisha vinu vya upepo vya kuyavuta maji yaliyobaki. Kila mkulima alikuwa na kipande chake cha tuta cha kutunza. Aliyeshindwa aliichomeka sepetu yake tutani akaondoka, na aliyeing'oa alirithi shamba pamoja na kazi yake. Wahenga wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wahenga wa Bibi Griet walikuwa wakali zaidi: usipoziba ufa, hama. Nikikosea, nikavitaja vinu kabla ya vilima, aligonga meza kwa kijiko. "Anza upya, Nafula." Nilipomlalamikia Mama, alivua viatu tu, akanyoosha miguu. "Mvumilie, mwanangu. Mimi nitakuacha wapi?"

Alasiri moja, mvua ikipiga mabati ya banda la nyuma, Mama alikuja kunichukua mapema kwa sababu zamu yake ilikuwa imebadilishwa. Katika historia yake Bibi Griet alikuwa amefika pale bahari ilipovunja tuta yeye akiwa msichana, na ng'ombe wakahifadhiwa kanisani. Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni na mwavuli wake, akaketi. "Kwetu pia," akasema polepole. Akaeleza habari za Budalang'i alikozaliwa, za mto Nzoia, za tuta ambalo baba yake alilibebea magunia ya udongo mgongoni, na za asubuhi lilipopasuka. Sikuwa nimewahi kusikia hata neno moja la hayo. Bibi Griet, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akaiacha historia yake katikati. Akaleta karatasi na penseli. "Nyumba ya baba yako ilikuwa upande gani?" akauliza, na wote wawili wakaiinamia ile karatasi. Na mimi je? Nilimvuta Mama mkono wa sare, nikalalama kwa Kiingereza kwamba nimechoshwa na vijiji, vyote viwili, na katuni zangu zinaanza. Nilimvuta mpaka akainuka. "Haya, twende." Hakulitaja tena jambo hilo mbele yangu, wala mimi sikuuliza.

Sasa nimefikia umri aliokuwa nao Mama wakati ule. Naweza kukutembeza, kilima kwa kilima, katika kijiji cha Uholanzi nisichowahi kukikanyaga, lakini cha kwetu sijui hata njia ya kuingilia. Majuto ni mjukuu, na wangu huyu ni msumbufu hasa. Bibi Griet alishafariki. Nyumba yake ilibomolewa, na mahali pake pamejengwa nyumba mbili zilizobanana, ambazo kila mvua ikinyesha humwaga maji yake yote uani kwa Mama. Majuzi nilimwendea na daftari. Nilitaka kujua nyumba ya babu ilikuwa ng'ambo ipi ya mto, na tuta lilipasukia wapi. Alifikiri mpaka chai ikapoa.

"Sikumbuki vizuri tena," akasema, nami nikaona amekasirika, na labda amenikasirikia mimi. "Griet ndiye aliyejua. Yeye aliniuliza."