Vidonge vya Usingizi na Jicho la Wifi Yangu

Mwanangu, vidonge hivyo nimeviona kwa mkoba wako, usinifiche. Mimi ni mtu wa kushuku, hata mtu akinisalimia mara mbili najiuliza anataka nini. Lakini iko siku moja nilimshuku mtu asiye na kosa, na hiyo ndiyo nataka uisikie.

Nilikuwa nimejifungua mtoto wa tatu, nauza maziwa ya ngamia hapa Isiolo mjini na wifi yangu Halima. Nikilala tu, miguu inaanza. Kitu kinatambaa ndani kama siafu, mpaka niinuke nitembee ndipo itulie. Kijana wa kemisti akaniuzia vidonge vya usingizi, vile vya mafua vinavyolewesha. Sikumuuliza hata jina la dawa. Nililala siku mbili, halafu miguu ikazidi. Nikaongeza kidonge, ikazidi tena.

Sasa nani alaumiwe? Halima hakuwa amejaliwa mtoto. Siku niliyotoka arobaini aliisifu miguu yangu, eti ni ya kucheza harusini, na mashallah hakusema. Nikajiambia, hilo ni jicho la husuda. Nikawa nafunika maziwa akipita. Wanawake wa sokoni wakaniuliza kwa nini, nami nikawaambia. Hapo ndipo nilipoharibu, maana maji yakimwagika hayazoleki.

Habari zikamfikia mama mkwe wangu, mama yake Halima, huko Rapsu. Alikuja na hata kukaa alikataa.

"Anayeuza maziwa pamoja nawe unamshuku," akaniambia. "Anayekuuzia dawa hujamuuliza hata neno moja. Hiyo ni akili gani?"

Akanipeleka hospitali, vidonge mkononi. Daktari akavitazama, akasema, "Mama, hivi vinaleta usingizi, lakini miguu ya namna hii huichochea." Akanipima damu, ikaonekana madini ya chuma yamepungua, kwa vile nilizaa kwa kufuatana. Nikaacha vile, nikapewa vya kuongeza damu, na polepole miguu ikatulia.

Nilimwomba Halima msamaha mbele ya wanawake wote. Yeye alinisamehe, lakini wao hawakusahau. Mpaka leo, na mvi zake zile, akipita sokoni kuna mama anavuta kitambaa juu ya maziwa. Mimi ndiye niliyewafundisha. Naumia, mwanangu, wala sina la kufanya.

Basi kushuku sikukatazi, kwani tahadhari kabla ya hatari. Lakini anza na kile unachomeza. Uliza kinaitwaje na kinafanya nini mwilini. Miguu ikikusumbua, mwambie daktari kila kitu unachokunywa, hata cha kununua dukani tu. Na jina la mtu usilitie mdomoni kwa sababu ya maradhi ambayo hujapimwa.

Mungu akujalie usingizi usio wa kununua, akupe damu ya kutosha, na akuepushe na ulimi kama ule wangu. Amin.