Walinichoma saratani shingoni, mama akakosa pa kupaka samli

Wakuu, habari za mihangaiko. Ninachoandika hapa hakina chumvi. Mimi nikidanganya huwa nashikwa kabla sijamaliza sentensi.

Nina duka la pembejeo Mugumu, ila nyumbani ni Susuni, Tarime. Mama yangu anaishi huko na dada yangu Bhoke. Presha ya macho ilimpofusha mama, kwa hiyo watu anawajua kwa sauti. Ukifika getini ukanyamaza, unafunguliwa mbwa.

Hiyo sauti ndiyo sababu ya uzi huu.

Jino langu lilioza hadi shingo ikavimba, nikapigwa ultrasound. Uvimbe wa jino haukuwa na neno. Ila daktari akaona kitu kingine kwenye thyroid, ile tezi ya mbele ya shingo ambayo ikivimba sana watu huita rovu. Kauvimbe kadogo kuliko punje ya mahindi.

Wakachukua sampuli kwa sindano. Majibu yakaja: saratani.

Niliogopa wakuu, sifichi. Nilitoka pale nikatembea hadi dukani, nikaja kukumbuka baadaye kwamba bodaboda nilimwambia anisubiri.

Binamu yangu wa Isebania, ng'ambo ya mpaka upande wa Kenya, akanipeleka Nairobi kwa daktari bingwa. Daktari huyo, mwanamke wa makamo, alinieleza taratibu. Saratani ya aina hii, ikiwa ndogo hivi na haijatoka nje ya tezi, mara nyingi haina haraka. Naweza kupasuliwa nikatolewa nusu ya tezi. Naweza kuiacha, niwe napimwa tu mara kwa mara. Au wanaichoma: wanaingiza sindano yenye ncha ya joto huku wakiangalia kwenye ultrasound, inaunguza kauvimbe, halafu mwili unamalizia kazi polepole.

Nikauliza swali moja tu. Sauti je?

Akasema mshipa wa fahamu wa sauti unapita nyuma ya tezi. Kupasua kuna hatari kidogo, na kuchoma pia kuna hatari kidogo. Kangu kalikaa mbali na mshipa, kwa hiyo kuchoma kungefaa. Kusubiri kunataka moyo ambao mimi sikupewa. Nikachagua moto.

Kosa langu ni kumpigia mama nikamwambia, "Wananichoma shingoni."

Sisi ni wafugaji. Kuchoma tunakokujua ni chuma chekundu kwenye paja la ng'ombe. Mama akasema, "Mura," yaani kijana wangu, "usitikisike." Mara ya mwisho kuambiwa hivyo ilikuwa siku natahiriwa!

Kitandani daktari naye akaniambia, "Usitikisike, na usimeze mate." Nilipigwa ganzi ya shingo tu, niko macho kabisa. Nilisikia joto na kitu kinavuta hadi kwenye taya. Kila baada ya muda anasimama: "Hebu niongeleshe kidogo nisikie hiyo sauti."

Sasa niongee nini? Nikasema ninachosemaga getini: "Mama shikamoo, ni mimi Marwa, fungeni mbwa."

Mara ya tatu nesi akanijibu, "Marahaba, mbwa wamefungwa."

Tulipomaliza, sauti ikatoka inakwaruza, kama ya mtu mwingine. Daktari akasema ni ganzi imegusa mshipa, itarudi. Mimi kwa kiherehere changu nikampigia mama.

"Wewe nani?"

"Mama, ni mimi Marwa."

"Marwa namjua mimi." Akakata.

Nililia wakuu. Mwanaume mzima, na plasta shingoni.

Jioni sauti ikarudi, lakini niliogopa kupiga tena. Nikamtumia Bhoke meseji amwambie mama niko salama.

Siku ya tatu nikafika Susuni. Nikasimama getini, nikasafisha koo kwanza.

"Mama shikamoo, ni mimi Marwa, fungeni mbwa."

Nikasikia kutoka ndani: "Marahaba mura. Bhoke, funga mbwa, ndugu yako amekuja."

Sijawahi kufurahi hivyo.

Akatoka na chupa ya samli aliyoiandaa kwa ajili ya kidonda. Akanipapasa shingo kushoto, kulia, mbele. Akakuta kidoa tu, kama umeumwa na mbu. Akarudia tena.

"Sauti ni yako. Shingo ni yako. Sasa waliyemchoma ni nani?"

Samli tuliilia ugali.

Nimerudi kupima, kauvimbe kanasinyaa, na nitaendelea kupimwa. Nilichojifunza: njia hii haimfai kila mtu, inategemea ukubwa na mahali uvimbe ulipo. Ila ukiambiwa saratani, usikimbilie kufa. Mwambie daktari kitu ambacho hutaki kukipoteza, kisha uliza njia zote zilizopo.

Aliyepasuliwa, aliyechomwa, anayesubiri, karibuni mtiririke hapa chini. Ulizeni chochote, isipokuwa swali la mama. Hilo mpaka leo sijapata jibu la kumridhisha.