Diski za Akiba

Tangu kompyuta iingie ofisini, karani yule hakujua tena kukaa kitako. Diski zake, zile bapa nyeusi zilizohifadhi kazi yote, alizitunza kama mboni ya jicho. Chai isisogezwe, vumbi lisitue, kidole kisiguse utepe. Mumewe, fundi redio, alipigwa marufuku hata kukanyaga kizingiti, maana bisibisi yake ilikuwa na sumaku, na sumaku hufuta diski ikabaki tupu. Akimletea funguo, alipokelewa barabarani.

Kila jioni karani alinakili kazi kwenye diski za akiba akaenda nazo nyumbani. Je, ofisi ikiungua?

Asubuhi moja diski ya ofisini ikagoma kusomeka. Bosi akashika kichwa.

"Usijali, bosi, za akiba ziko nyumbani," karani akasema, na tayari alishafika mlangoni.

Akaenda mbio, akarudi nazo akihema. Akachomeka moja baada ya nyingine. Zote tupu.

Akarudi tena nyumbani roho juu, akamvaa mumewe. "Baba watoto, nani kagusa diski zangu?"

"Nani athubutu? Zilikuwa hapo hapo ulipoziweka, kwenye meza yako ya pembeni."

Karani akaitazama ile meza, akavuta kitambaa cha kufuma kilichoifunika. Chini yake spika kubwa ya mumewe, na sumaku yake nene mgongoni, ilikuwa imekaa kimya.

"Siku unaifunika nilikuambia ni spika," fundi akasema taratibu. "Ukaniambia kuanzia leo ni meza."